Mwaka wa Baiskeli ya Bawaba

Salome alizikwa Jumanne, nami nilikwenda kumzika. Nisimdanganye mtu: sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu nisingeonekana watu wangeuliza, na kwa umri huu sina tena hamu ya kuulizwa. Nilikaa kwenye jamvi na wanawake wenzangu, nikala wali na maharage ya msiba, nikamsikiliza mchungaji kijana akisoma historia ya marehemu kwenye karatasi. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mkunga tangu enzi ya Mwingereza, kwamba alipokea watoto kuanzia Kisarawe mjini mpaka mbele ya Vihingo, na kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa sehemu zile kupanda baiskeli, tena baiskeli ya ajabu iliyokunjika katikati kama kitabu. Watu walitikisa vichwa kwa kupendezwa. Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanawake wa zamani tulikuwa majasiri, nami nikaitikia. Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Baiskeli ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeinunua, mimi ndiye niliyejifunza kuipanda, na mimi ndiye niliyeanguka nayo. Salome nimemchukia kwa miaka mingi kuliko niliyompenda mume wangu, na kifo chake hakijanipunguzia kitu.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa pili baada ya vita vikuu kwisha. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza mafunzo ya ukunga, nikapangiwa zahanati moja ya misheni upande wa Kisarawe. Nilipewa kitanda katika chumba cha Salome, aliyenitangulia kazini kwa miaka mitatu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, vitanda viwili vya kamba, meza moja, dirisha moja. Dirisha lilikuwa upande wake. Siku ya kwanza nilimwamkia, “Shikamoo, dada,” akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha kwa kidole cha mguu akanichorea sakafuni mahali upande wangu ulipoishia. Tulikula sinia moja, na hapo ndipo nilipomjua. Sinia likitua, kabla hatujanawa, aliligeuza taratibu kama mtu anayelisogeza tu lisiguse ukuta, mpaka kipande cha samaki kikawa kimeangukia kwake. Mimi nilikula ugali wa muhogo na kisamvu, nikasema nimeshiba. Ukuta wa kichwani mwa kitanda changu ulipakana na chumba cha dawa, ambamo Bwana Zakaria, mganga mkuu wa zahanati, alikunywa chai yake kila alasiri. Ukuta huo ulikuwa na ufa. Karibu yote niliyoyajua juu yangu mwenyewe mwaka ule niliyasikia kupitia ufa ule: kwamba nina haraka, kwamba nina majivuno ya shule, kwamba mikono yangu ni ya baridi na wazazi hawaipendi. Sauti ya Zakaria ndiyo iliyouliza, na ya Salome ndiyo iliyojibu. Baadaye mwenye sauti hiyo aliingia chumbani, akaniuliza kama nimekwisha chota maji.

Masika yalipokwisha nilipelekwa Kongowe, kule Kibaha, kusaidia kuchanja watu ndui kwa wiki mbili. Nilifurahi kwa sababu moja tu, kwamba ningelala chumba kingine. Huko, kando ya barabara ya Morogoro, alikuwako mtengeneza baiskeli aitwaye Mrisho, askari aliyerudi kutoka Burma na jicho moja zima na jingine lenye ukungu. Juu ya ukuta wa banda lake kilining'inia kitu cha rangi ya kijani iliyochujuka, nami nikadhani ni baiskeli mbili zilizogongana. Akaniambia ni moja. Ilikuwa ya jeshi, imetengenezwa ili askari wa kurukia mwavuli waruke nayo kutoka kwenye ndege, na yeye aliipata Dar es Salaam, jeshi lilipopiga mnada vyombo vyake. Imetundikwa hapo karibu mwaka mzima. Wanaume walikuja, wakaifungua, wakaifunga, wakacheka, wakaenda zao, kwa kuwa nani atakaa juu ya kitu kinachoweza kukunjika chini yake. Aliishusha akanionyesha. Badala ya bomba moja nene ilikuwa na mabomba mawili membamba yaliyopinda, moja juu na moja chini, na kila bomba lilikatwa katikati likatiwa bawaba, kama mlango. Kila bawaba ilikazwa kwa nati yenye masikio mawili, ya kuzungushwa kwa vidole bila spana. Ukizilegeza zote mbili, gurudumu la mbele lilirudi likalala juu ya la nyuma. Kilichonivutia hakikuwa mwendo. Nilikuwa naitazama nikaona kwamba, ikikunjwa, ingeingia chini ya kitanda changu. Katika chumba kile ambamo hata hewa ilikuwa ya Salome, ningekuwa na kitu ambacho hawezi kukigeuzia upande wake. Nilimpa Mrisho mshahara wote niliokuwa nimeuweka tangu nianze kazi.

Alinifundisha nyuma ya nyumba yake, kwenye njia iliyopita katikati ya mihogo, kila jioni baada ya kazi. Nilivaa kaptura yake ya jeshi chini ya gauni, na mkewe alisimama uani akitazama bila kutabasamu. Mrisho hakuwa mwalimu mpole. Nilipoanguka hakuniinua, alisubiri nisimame, kisha akaniambia nirudie kuanzia mwanzo wa njia. Nilichubuka magoti na viganja, na siku ya tano baiskeli ilikwenda yenyewe chini yangu mpaka mwisho wa mihogo, na upepo ukanijaa masikioni. Sitaki kuifanya siku hiyo kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa, lakini sijawahi tena kujisikia hivyo. Siku ya kuondoka Mrisho alinifanyia jambo moja tu la heshima. Alinishika mkono, akauweka juu ya nati ya juu, halafu juu ya nati ya chini.

“Kabla hujapanda, shika hizi kwa mkono wako mwenyewe,” akasema. “Kila siku. Hata mama yako mzazi akikuambia amekaza, usimwamini.”

Niliifunga baiskeli ndani ya gunia, nikapanda lori la mkaa mpaka Dar es Salaam, nikachukua gari moshi mpaka Pugu, na kutoka hapo nikaibeba kichwani kupandisha Kisarawe. Walioniona walidhani nimebeba cherehani. Salome alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha. Nilipolifungua gunia chumbani, nikafungua bawaba, nikakaza nati, na baiskeli ikasimama kati ya vitanda vyetu, aliingia akaizunguka. Kisha aliniuliza kama nimemwomba ruhusa Bwana Zakaria. Nikamwambia sikumwomba ruhusa kununua viatu pia. Nilijua jibu hilo litanigharimu, na nililisema kwa furaha. Ninapoandika haya najiona jinsi nilivyokuwa, na ni lazima niseme kwamba mimi nami sikuwa mtu mwema katika chumba kile. Nilipiga kengele ya baiskeli asubuhi akiwa bado amelala. Niliifuta kwa mafuta mezani tulipokuwa tukila. Siku za Jumapili, yeye akienda kwa miguu kuwaona wazazi waliojifungua, mimi nilimpita, na sikupunguza mwendo.

Huko nje mambo yalikuwa mabaya kama nilivyotegemea. Wanaume waliokaa mbele ya maduka walinyamaza nikikaribia, wakaanza kusema nikiwa nimepita kidogo, kwa sauti ya kunifikia. Wanawake waliwaambia binti zao wasinitazame. Mzee mmoja wa kanisa alikuja zahanati akamwuliza Zakaria kama misheni sasa inawavalisha wasichana kaptura. Hayo niliyavumilia kwa sababu kazi ilikwenda. Nilifika katika muda wa saa mbili mahali ambapo tulizoea kufika kwa nusu siku, nikakuta uchungu ndiyo kwanza unaanza, na mara mbili au tatu niliokoa mtu ambaye angekufa akingoja. Penye mto au matope niliikunja nikaivusha mgongoni. Alasiri moja nikiwa nimejilaza, ufa ulianza kusema. Salome alikuwa anamweleza Zakaria kwamba wazazi wameanza kunikataa. Alisema wanasema mwanamke anayekalia kiti cha namna ile kizazi chake kinafunga, na mkono wa mwanamke aliyefunga kizazi haufai kupokea mtoto. Zakaria akauliza nani anasema hivyo. “Watu,” Salome akajibu. Wiki iliyofuata ndipo niliposikia watu wakianza kuyasema. Nilikwenda kwenye nyumba moja karibu na soko, mama mkwe wa mzazi akanizuia mlangoni kwa maneno yale yale, neno kwa neno, na akaomba aitiwe Salome.

Sikumwuliza. Ningemwuliza angekana, halafu tungelazimika kula sinia moja. Tuliendelea kuishi tukiwa tumenuniana mpaka kiangazi, tukisemeshana mambo ya maji na kuni tu. Ndipo asubuhi moja, yapata saa tatu, akaja mtu kutoka Vihingo aitwaye Kondo, ambaye aliondoka kwake kabla ya alfajiri. Mkewe, Tatu, alikuwa ameanza uchungu, na mkunga wa kijijini alikuwa amepapasa akasema mtoto ametanguliza miguu. Katika zahanati yetu mtu pekee aliyefundishwa kumtoa mtoto wa namna hiyo nilikuwa mimi. Salome hakupata somo lile. Zakaria hakuwa na njia ila kunituma. Niliingia chumba cha dawa kujaza mkoba, na nilipotoka nilikuta Salome amesimama uwanjani ameishika baiskeli yangu. Ameitoa chini ya kitanda, ameikunjua, ameifuta vumbi. Akasema, “Nimekutayarishia, ili usichelewe.” Lilikuwa neno la kwanza la wema kutoka kwake mwaka ule. Walikuwapo wagonjwa wengi uwanjani wakitutazama. Nilimwambia ahsante, nikafunga mkoba kwenye keria, nikapanda. Sikushika nati. Nimejaribu kujiambia kwamba ilikuwa haraka, lakini haraka yangu isingezuiwa na kushika vyuma viwili. Ukweli ni kwamba nilipendezwa kuhudumiwa na Salome mbele ya watu, na sikutaka kuinama kukagua kazi yake kama vile sikuipokea.

Nilimwacha Kondo nyuma akija kwa miguu. Njia ilikuwa kavu, nami nilikwenda vizuri, na baada ya muda nilisikia chuma kikilia chini yangu, mlio mdogo wa kukwaruza, nikadhani ni mkoba. Kuna mteremko kabla ya kijito cha kwanza, wenye mizizi iliyotokeza. Gurudumu la mbele lilipanda juu ya mzizi, na baiskeli ikafunguka katikati. Haikuvunjika. Ilifanya kile ilichotengenezwa kufanya: ilikunjika, gurudumu la mbele likarudi upande, na mimi nikatupwa kwa bega la kushoto juu ya mawe. Nilipopata fahamu nilisikia mfupa wa mtulinga ukisugua ndani ya nyama kila nilipovuta pumzi. Nilitambaa mpaka kwenye baiskeli nikatazama. Nati ya chini haikuwapo. Ya juu ilikuwa imening'inia kwenye uzi wa mwisho wa skrubu.

Kondo alinikuta nimekaa. Hakuniuliza nimeumiaje. Alitazama mkono wangu, akatazama baiskeli, kisha akaifungua keria, akachukua mkoba, akaisukuma baiskeli kichakani kwa mguu. Alinifunga mkono kifuani kwa leso yangu ya kichwani, tukaanza kutembea. Nilianguka kwa kizunguzungu mara mbili. Mara ya pili nilimsihi atangulie, akasema atangulie akafanye nini. Tulifika alasiri. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na joto na harufu ya damu na moshi, na mkunga wa kijijini, mama mzee mwenye nywele nyeupe, aliinuka akaniachia nafasi kwa heshima ambayo nilitamani asinionyeshe. Mwili wa mtoto ulikwisha toka mpaka mabegani, na kichwa kilikuwa kimenasa. Kazi ile inataka mikono miwili: mmoja umbebe, mwingine uingie utafute mdomo wake ili kichwa kiiname. Nilikuwa na mmoja. Nilimwelekeza yule mzee mkono wa pili ufanye nini, naye alijaribu, na Tatu alijitahidi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na hatimaye mtoto alitoka. Alikuwa mwanamume, mzito, mwenye nywele nyingi. Nilimpulizia mpaka nikaona giza, hakupumua. Kondo alikuja akamchukua mkononi mwangu.

Walinirudisha kwa machela. Siku ya tatu nilikuwa nimelala chumbani, bega limefungwa, Salome akaniletea uji. Aliketi kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimwuliza nati ya chini iko wapi, akajibu kwamba aliitupa chooni. Alisema hivyo bila kuzunguka, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

“Nilitaka uanguke palepale uwanjani,” akasema. “Watu waone, wacheke, basi. Ulipotoka lango la zahanati bila kuanguka, nilitaka kukuita.”

“Na hukuniita.”

“Sikukuita.”

Kisha aliniomba nisimwambie mtu, na akalia, na uji ukapoa. Nilimwambia Zakaria siku hiyo hiyo. Aliwaita wazee wawili wa kanisa, wakakaa katika chumba cha dawa, wakatuweka mimi na Salome wima mbele yao. Salome alikana. Alikana kwa utulivu, amekunja mikono, akasema homa ya kuvunjika mfupa humfanya mtu asikie maneno. Zakaria alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hakuna aliyenituma kununua chombo kile, kwamba nilikwisha onywa, na kwamba kama chombo ni changu na aliyekipanda ni mimi, basi hata ikiwa nati ililegea, wa kuitazama nilikuwa mimi. Sehemu hiyo ya mwisho ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinikata. Nikaachishwa kazi. Kondo alikuwa ameirudisha baiskeli zahanati begani mwake, kwa kuwa hakutaka kubaki na kitu kisicho chake, na Zakaria akasema itabaki kwa matumizi ya zahanati. Walitafuta nati nyingine. Salome aliipanda kwa miaka kumi na zaidi. Watu walizoea, wakaacha kusema mambo ya kizazi, labda kwa kuwa aliyeyaanzisha hakuwa na haja nayo tena. Alijifunza kuwatoa watoto waliotanguliza miguu. Pale msibani niliwaona watu wazima, wanaume wenye mvi, waliosimama kusema kwamba mikono ya kwanza kuwashika duniani ilikuwa yake, na sina sababu ya kusema walidanganya.

Mimi nilipata kazi Magindu baadaye, nikaolewa huko, nikapokea watoto wangu wa kutosha, kwa miguu. Lakini kabla sijaondoka Kisarawe, mkono ukiwa bado umefungwa, nilitembea mpaka Vihingo. Kwa miaka mingi nimewaambia watu wachache wanaoijua habari hii kwamba nilikwenda kuomba radhi. Si kweli. Nilikwenda kutafuta mtu wa kumchukia Salome pamoja nami, na hapakuwa na mtu mwenye haki zaidi ya Tatu. Nilimkuta uani akitwanga. Alikuwa amekonda, kifua chake amekifunga kwa kanga kukausha maziwa. Hakushangaa kuniona. Alinikaribisha kwenye mkeka, akasonga ugali, akaniwekea na kunde zilizoungwa kwa nazi, akaninawisha mkono kwa kuwa sikuweza kunawa mwenyewe. Ndipo nikamwambia yote: chumba, ufa, maneno ya kizazi, nati iliyotupwa chooni, jinsi Salome alivyokiri na jinsi alivyokana. Nilisema kwa muda mrefu na sauti yangu ilikuwa ikipanda. Yeye alisikiliza akiwa ameangalia mkono wangu uliofungwa.

“Nimekusikia,” akasema nilipomaliza. “Huyo mwenzako simjui. Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Siku ile ungekuja kwa miguu na mume wangu, ungefika adhuhuri, na mikono yako miwili.”

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia juu ya wale niliowafikia mapema kwa sababu ya baiskeli ile, waliokuwa hai majumbani mwao wakati huo huo tukiwa tumekaa pale. Lakini mtoto wake alikuwa amenasa alasiri, na mimi adhuhuri ningekuwapo, na hesabu hiyo hata mtu asiyesoma anaifanya. Tatu akaniambia nile, chakula kinapoa. Nikala. Nilikula mpaka tonge la mwisho, kwa sababu aliketi mbele yangu, ameweka mikono mapajani, akiningoja nimalize ili niondoke.